Gazeti Likilichafua Kundi Zima, Nani Ana Haki ya Kudai?

Juni 1941 majeshi ya Hitler yaliivamia Urusi. Siku chache baadaye gazeti la Daily Express la London lilichapisha makala iliyodai kwamba Hitler anao vibaraka miongoni mwa Warusi walio uhamishoni, na kwamba anatumaini kuwatumia kujijengea wafuasi ndani ya nchi yao. Gazeti halikutaja mtu. Lilitaja chama: Mlado Russ, yaani Urusi Changa. Chama hicho kilikuwa na wanachama wapatao 2,000 waliotawanyika katika nchi mbalimbali, zikiwamo Ufaransa na Marekani. Uingereza walikuwa 24 tu, na kiongozi wao aliitwa George Knupffer.

Knupffer aliishi London, mji uliokuwa umetoka kupigwa mabomu ya Wajerumani kwa takriban miezi minane. Kuitwa kibaraka wa Hitler katika mji huo, mwaka huo, kulitosha kumharibia mtu kazi, urafiki na usalama wake. Akafungua kesi ya kashfa. Wakaja mashahidi wakaeleza kwamba walipoisoma makala ile, aliyewajia akilini ni yeye. Jaji wa kwanza akamkubalia. Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu, na mwaka 1944 Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, likalimaliza shauri: Knupffer hana kesi. Makala ilizungumzia chama kilichoenea nchi nyingi, wala hamkuwamo kitu kilichonyoosha kidole kwa tawi la London, sembuse kwa kiongozi wake.

Shauri hilo ndilo linalotajwa mpaka leo kila swali hili linapozuka. Lilitenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni la kisheria: je, maneno yaliyochapishwa yanaweza kabisa kueleweka kuwa yanamhusu mdai? La pili ni la ushahidi: je, watu wanaomfahamu walielewa hivyo? Knupffer alikwama katika la kwanza, ndiyo maana mashahidi wake hawakumfaa kitu. Jaji Lord Atkin aliongeza jambo ambalo naona ni la thamani kuliko mengine yote katika hukumu ile. Alisema hakuna kanuni maalumu ya makundi, na kwamba mawakili wangefanya vyema kuacha kubishana kuhusu kundi na kujiuliza kama maneno yale yalichapishwa kumhusu mdai mwenyewe.

Nauamini msimamo huo. Lakini unasomwa vibaya na pande zote mbili. Wanaochafuliwa hudhani kuwa mwanachama kunatosha: gazeti limesema walimu, mimi ni mwalimu, basi nilipwe. Wahariri nao hudhani kwamba kutotaja jina ni kinga, na kwamba wakiandika "maofisa wa kituo fulani" badala ya jina la ofisa, wameshavuka salama. Wote wanakosea, na kosa la wahariri ndilo linaloumiza watu zaidi.

Turudi nyuma kidogo, mwaka 1858. Wavulana wawili wa London wasiojua kusoma wala kuandika, William Smith na Charles Eaton, walikuwa wakijitafutia riziki kwa kuokota vitu kwenye matope ya mto Thames. Wakaanza kuzua wenyewe medali za risasi, wakizichora herufi zisizo na maana yoyote, na kuziuza kama mali za kale zilizofukuliwa kwenye ujenzi wa gati. Mfanyabiashara wa vitu vya kale aliyeitwa Eastwood alizinunua kwa wingi na kuziuza dukani kwake. Mtaalamu mmoja akasimama kwenye mkutano wa chama cha mambo ya kale akasema vitu hivyo ni vya kughushi, na jarida la The Athenaeum likairipoti hotuba yake. Eastwood hakutajwa, ila yeye ndiye aliyekuwa akiviuza. Akalishtaki jarida.

Jaji Willes alimkatalia, na hapo ndipo alipotoa mfano unaorudiwa na mahakama za nchi nyingi: mtu akiandika kwamba mawakili wote ni wezi, hakuna wakili mmoja anayeweza kumshtaki, isipokuwa kuwe na kitu kinachomwonyesha yeye hasa. Vitu vile vilikuja kuthibitika kuwa vya kughushi kweli. Laiti sheria ingemruhusu Eastwood kudai kwa kuwa tu jarida limeisema biashara yake kwa jumla, onyo la kweli kwa wanunuzi lingeadhibiwa kabla ukweli haujajulikana. Anayetaka makundi yaruhusiwe kushtaki ovyo aanze kwa kulitafakari hilo.

Kenya ilipokea sheria ya Uingereza itokanayo na hukumu za mahakama (common law) kwa tarehe ya 12 Agosti 1897, na Tanganyika kwa tarehe ya 22 Julai 1920. Hukumu ya mwaka 1944 imekuja baada ya tarehe zote mbili, kwa hiyo haizibani mahakama zetu kama amri. Huheshimiwa kwa nguvu ya hoja. Kwa vitendo, wakili wa Nairobi au wa Dar es Salaam anayeandaa hati ya madai ya kashfa lazima aonyeshe mambo yale yale: kwamba maneno yalichapishwa, kwamba yanashusha heshima, na kwamba yanamhusu mteja wake. Kwenye hilo la tatu ndipo kundi hukwama.

Watu hupenda kuuliza idadi. Je, tukiwa kumi tunaruhusiwa? Tukiwa hamsini? Hakuna hesabu ya namna hiyo, ingawa idadi si kitu cha kupuuza. Mwaka 1613, mahakama ya Uingereza ilisikiliza shauri la watu 17 waliokuwa wadaiwa katika kesi moja, ambao mtu aliwaonyesha akasema hao ndio walioshiriki mauaji. Kila mmoja wao alikuwa na haki ya kudai. Miaka karibu mia nne baadaye, gazeti la News of the World lilichapisha tuhuma nzito sana dhidi ya makachero wa polisi wa mji wa Banbury. Hakuna aliyetajwa. Makachero kumi wakashtaki kwa sababu idara yenyewe ilikuwa ndogo, watu wachache wanaofahamika na mji mzima. Juri ikampa kila mmoja fidia ya pauni 300, na juu yake pauni 25,000 za kuliadhibu gazeti, jumla robo milioni kwa adhabu peke yake. Mahakama ya Rufani ikaitengua ile adhabu, ikisema fedha za kuadhibu hukadiriwa mara moja kwa kosa la mdaiwa, hazizidishwi kwa idadi ya wadai. Lakini haki yao ya kushtaki ilibaki pale pale.

Marekani ina mifano yenye tarakimu za kufundisha. Mwaka 1952 kitabu kimoja kiliwatukana wafanyakazi wa duka kubwa la Neiman-Marcus la Dallas, kikiwataja kwa mafungu: wanamitindo, wauzaji wanaume, wauzaji wanawake. Wanamitindo walikuwa tisa na wote wakashtaki, wala hakuna aliyebisha haki yao. Wauzaji wanaume walikuwa 25, wakashtaki 15, na jaji akawaruhusu. Wauzaji wanawake walikuwa 382, wakashtaki 30, na jaji akawakatalia. Kutokana na kesi za namna hiyo, wanasheria wa huko wamezoea kusema kwamba kundi likizidi watu 25 matumaini hupungua.

Lakini mwaka 1962 Mahakama ya Juu ya jimbo la Oklahoma iliyavunja mazoea hayo. Jarida la True lilikuwa limeandika kwamba wachezaji wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Oklahoma, ile ya mwaka 1956 ambayo haikufungwa mchezo hata mmoja, walikuwa wakipuliziwa dawa za kusisimua mwili puani wakati wa mechi. Kumbe kilichopulizwa kilikuwa mafuta ya mnanaa, ya kupunguza ukavu wa mdomo. Timu ilikuwa na wachezaji zaidi ya 60. Mchezaji mmoja, ambaye hakutajwa popote, akashtaki na kupewa dola 75,000, na mahakama ikazithibitisha. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mashabiki wa Oklahoma walimjua kila mchezaji kwa jina na kwa nafasi yake uwanjani. Aliyeisoma habari ile alimwona kijana yule kama vile ametajwa.

Naikubali hukumu hiyo kuliko ile kawaida ya watu 25, kwa kuwa inaangalia namna binadamu wanavyosoma. Chukua mfano wa kufikirika wa kwetu. Gazeti liandike kwamba mama lishe wa Dar es Salaam wanapika nyama iliyooza. Ni maneno mabaya, lakini hakuna mteja atakayeamka asubuhi akamkwepa mama fulani kwa sababu hiyo. Sasa liandike kwamba mama lishe wa kituo fulani cha mabasi, palipo na vibanda vinane, wanapika nyama iliyooza. Kufika saa sita mchana vibanda vyote vinane vitakuwa na sufuria zilizojaa na benchi tupu. Kila mmoja wa wanawake wale amepata hasara yake binafsi, inayohesabika kwa shilingi, na kila mpita njia anajua habari ile inamsema nani. Kutotajwa jina hakukuwaponya chochote. Kwa maoni yangu wote wanane wana kesi. Na hata gazeti likijikinga kwa neno "baadhi", halijapona moja kwa moja: nyakati za Malkia Victoria gazeti moja la Ireland lilidai kuna ukatili katika baadhi ya viwanda vya huko bila kutaja hata kimoja, na Baraza la Malodi mwaka 1848 likakubali kwamba familia ya Malcomson inaweza kudai, kwa kuwa maelezo yaliyotolewa yaliwafanya wasomaji wakione kiwanda chao.

Kuna namna nyingine ya kundi kuguswa, ambapo tuhuma yenyewe inamvuta kila mmoja. Novemba 2014 jarida la Rolling Stone lilichapisha habari ya ubakaji wa kikundi katika nyumba ya wanafunzi wa chama cha Phi Kappa Psi, Chuo Kikuu cha Virginia. Uchunguzi ukaonyesha habari haikusimama, na Aprili 2015 jarida likaifuta. Chama kilikuwa na wanafunzi 53, na habari ilizungumzia wabakaji wachache tu kati yao. Mahakama ya mwanzo ikawatupa nje waliodai. Lakini mwaka 2017 mahakama ya rufani ya shirikisho iliyoko New York ikaona kwamba habari ile, kwa namna ilivyosimuliwa, ingeweza kusomwa kuwa ubakaji ulikuwa sharti la kuingia chamani, au kwamba kila mwanachama alijua na akanyamaza. Habari ikisomwa hivyo, hakuna mwanachama anayebaki pembeni. Wakaruhusiwa kuendelea. Mhariri anayesoma hapa aliweke akilini: ukiandika kwamba "wote walijua", umemtaja kila mmoja wao.

Kesi iliyonisumbua kuliko zote ni ya Montreal, Kanada. Si ya gazeti, ni ya redio, ila swali ni lile lile. Novemba 1998 mtangazaji André Arthur, aliyejulikana kwa ulimi wake, aliwashukia hewani madereva wa teksi wa Kiarabu na wa Kihaiti: magari yao machafu, njia hawazijui, lugha hawaijui, na huenda hata mtihani wa leseni waliununua. Madereva karibu 1,100 wakaunganishwa katika kesi moja. Mahakama ya kwanza ikakadiria dola 200 kwa kila dereva, jumla yapata dola 220,000. Mahakama ya rufani ikaitengua, na Februari 2011 Mahakama ya Juu ya Kanada ikakubaliana nayo, jaji mmoja tu akipinga.

Majaji wengi walieleza mambo ya kupimwa: ukubwa wa kundi, asili yake, uhusiano wa mdai na kundi, nani hasa aliyelengwa, uzito wa tuhuma, na kama maneno yale yanaaminika. Wakahitimisha kwamba kundi lilikuwa kubwa na lenye watu wa kila aina, na kwamba msikilizaji wa kawaida, akimjua Arthur alivyo, asingeamini kuwa kila dereva mmoja mmoja ndivyo alivyo. Jaji Abella aliyepinga aliona kundi lile limeainishwa barabara: kazi inajulikana, mji unajulikana, asili yao inajulikana.

Mimi nasimama na Abella. Ukiifuata hoja ya wenzake mpaka mwisho, kadiri tusi linavyokuwa kubwa na la kipuuzi ndivyo mtukanaji anavyozidi kuwa salama, kwa sababu eti hakuna atakayeamini. Lakini abiria anayesimama barabarani usiku hafanyi uchunguzi. Anaangalia sura na kusikia lafudhi, kisha anaamua kuingia au kusubiri teksi inayofuata. Hasara ile inatua kwa dereva mmoja, siku moja, safari moja. Mahakama ilipolitazama kundi kwa mbali, haikuiona. Hata hivyo nakiri ugumu wa jambo lenyewe: madereva 1,100 wakikubaliwa, hoja ile ile itadaiwa na polisi 1,100 wa mkoa, gazeti likiandika kwamba polisi wa mkoa huo wanakula rushwa barabarani.

Na polisi, wabunge, maofisa wa forodha, watumishi wa ardhi ndio hasa watu ambao magazeti yanapaswa kuwaandika kwa jumla. Rushwa huwa ni tabia ya ofisi nzima. Mwandishi anaweza kuthibitisha kwamba kila lori linalipa kwenye kizuizi fulani bila kujua jina la kila askari aliyepokea. Tukiufungua mlango kwa kila kundi, wa kwanza kuingia watakuwa wenye mawakili na mishahara, wakifungua kesi hamsini katika mahakama hamsini dhidi ya gazeti lenye wafanyakazi kumi na wawili. Gazeti halitasubiri hukumu. Litafunga.

Kwa sababu hiyo hiyo Uingereza iliamua mwaka 1993, katika shauri la Halmashauri ya Derbyshire dhidi ya kampuni ya Times Newspapers, kwamba chombo cha serikali hakiwezi kabisa kushtaki kwa kashfa, kwa kuwa wananchi lazima wawe huru kukisema. Kampuni inaweza, kwa kuwa ni nafsi ya kisheria yenye jina lake la kibiashara. Kikundi kisichosajiliwa, kiwe cha kuweka na kukopa au cha kuzikana, hakina nafsi hiyo. Hakiwezi kudai fidia ya heshima kwa jina lake chenyewe hata kikiwa na katiba, muhuri na akaunti benki. Na kushinda kwa taasisi si kushinda kwa wanachama: kampuni ikilipwa kwa jina lake, mfanyakazi aliyezomewa mtaani hapati senti kwa hukumu hiyo.

Wengi hukimbilia kesi ya uwakilishi. Kanuni za madai za Kenya na za Tanzania, zote katika Amri ya Kwanza, kanuni ya nane, zinaruhusu wachache kushtaki kwa niaba ya wengi wenye maslahi ya aina moja. Ni njia nzuri kwa ardhi ya kijiji au mali ya ushirika. Kwa kashfa haisaidii kama inavyodhaniwa. Utaratibu huo unaokoa muda na gharama kwa watu ambao kila mmoja wao tayari ana haki. Haumpi haki asiyekuwa nayo. Watu elfu moja ambao hakuna hata mmoja anayeonekana ndani ya maneno, wakiungana, bado hawaonekani.

Linabaki kundi kubwa kuliko yote: kabila, dini, taifa. Hapa sheria ya kashfa hunyamaza kabisa, na hapa ndipo gazeti linapoweza kuua.

Henry Ford, tajiri wa magari, alimiliki gazeti liitwalo Dearborn Independent, na kuanzia 1920 likawaandama Wayahudi wiki baada ya wiki. Wayahudi wa Marekani kama kundi hawakuwa na pa kushtaki. Mlango ulifunguka gazeti lilipomtaja mtu: Aaron Sapiro, mwanasheria Myahudi aliyekuwa akiwaunganisha wakulima katika vyama vya ushirika, likimtuhumu kuwa sehemu ya njama ya Kiyahudi ya kukiteka kilimo cha Marekani. Alidai dola milioni moja. Kesi ilipoanza kusikilizwa Detroit, Machi 1927, jaji hakukubali igeuzwe kuwa kesi ya Wayahudi wote. Mdai ni Sapiro peke yake. Shauri likavurugika kwa sababu ya mjumbe wa juri aliyezungumza na gazeti. Kabla halijaanza upya, Julai mwaka huo, Ford alisalimu amri. Alimlipa Sapiro na kutoa barua ya kuwaomba radhi Wayahudi wote, iliyoandikwa na Louis Marshall, kiongozi wa Kamati ya Wayahudi wa Marekani. Desemba 1927 gazeti likafungwa. Mtu mmoja aliyetajwa kwa jina alilipatia kundi zima kile ambacho lenyewe lisingeweza kukidai. Lakini ilichukua miaka saba ya sumu, na bahati ya mhariri kujisahau akataja jina.

Rwanda bahati hiyo haikuwapo. Gazeti la Kangura la Hassan Ngeze lilianza mwaka 1990, na Desemba ya mwaka huo lilichapisha zile ziitwazo amri kumi za Wahutu, zikimfanya kila Mtutsi adui na kila anayeshirikiana naye msaliti. Ni Mtutsi gani angekwenda mahakamani kusema makala ile inamhusu yeye hasa? Ilimhusu kila mmoja, na kwa kipimo cha sheria ya kashfa hiyo ni sawa na kutomhusu yeyote. Jibu likaja baada ya makaburi, kwa sheria ya jinai, hapa hapa Arusha. Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ilimhukumu Ngeze kifungo cha maisha. Rufaa ya Novemba 2007 ikakipunguza kuwa miaka 35. Katika rufaa hiyo majaji walishikilia kwamba mamlaka yao yanaanzia Januari 1994, hivyo matoleo ya nyuma, likiwamo lile la amri kumi, hayangeweza yenyewe kuwa kosa la uchochezi mbele yao. Alitiwa hatiani kwa uchochezi kwa yale ya 1994.

Mwaka 2015 gazeti la The Sun la London lilichapisha safu iliyowafananisha wahamiaji na mende. Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, Zeid Ra'ad Al Hussein, aliikumbusha dunia kwamba lugha hiyo iliwahi kutumiwa na Kangura. Malalamiko mengi yalifika kwenye chombo cha kusimamia maadili ya magazeti ya Uingereza. Kanuni yake ya ubaguzi inamlinda mtu mmoja mmoja, na katika safu ile hakutajwa mtu. Mantiki ya kesi ya Knupffer ilikuwa imehamishiwa mahali ambapo haikustahili kuwapo. Mahakama ina sababu ya kudai mdai mmoja anayeonekana, kwa kuwa inagawa fedha. Baraza la maadili haligawi fedha. Linasema gazeti limekosea, na linaagiza masahihisho yachapishwe. Halina sababu ya kumkataa mlalamikaji kwa kuwa waliodhalilishwa ni wengi.

Kwa hiyo kwa makundi makubwa naona njia ni mbili, na zote zina hatari zake. Moja ni mabaraza ya habari, yakubali malalamiko ya jamii nzima na yatoe uamuzi haraka, gazeti lilazimike kuuchapisha pale pale lilipokosea. Nyingine ni sheria ya jinai dhidi ya uchochezi wa chuki. Kenya ilitunga yake mwaka 2008, baada ya damu ya uchaguzi wa 2007, na katiba yake ya 2010 inasema wazi kwamba uhuru wa kujieleza haujumuishi maneno ya chuki. Lakini sheria ya namna hii huwa mkononi mwa serikali, na serikali hupenda kujihesabu kuwa ndiyo iliyochukiwa. Arusha inajua upande huo pia: Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, katika mji ule ule aliohukumiwa Ngeze, iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya 2016, vikiwamo vya kashfa na uchochezi, vinakiuka mkataba wa jumuiya. Sheria ya chuki inapaswa kuwa finyu: iwaguse wanaowataka watu wadhuriwe kwa asili yao, isiwaguse wanaowasema wenye vyeo.

Kwa kundi dogo, wale mama lishe wanane au walimu sita wa shule moja, njia ya mahakama iko wazi zaidi kuliko wanavyoambiwa. Kabla ya kwenda kwa wakili watafute vitu vichache: nakala ya gazeti lenyewe, uthibitisho wa idadi yao siku ilipochapishwa, watu wa nje ya kundi watakaoeleza kwamba walipoisoma walimfikiria nani na kwa nini, na kumbukumbu za mauzo au barua za kazi kabla na baada. Kila mmoja adai kwa jina lake, hata kama hati ni moja. Mashahidi wawe majirani, wateja, wazazi wa wanafunzi, kwa sababu swali litakalokuwa mbele ya hakimu ni msomaji alimwona nani. Ndugu na wanachama wenzao hawatatosha.

Na wasikae vikao mpaka wakati ukawapita. Tanzania madai ya aina hii yana miaka mitatu. Kenya yana miezi 12 tu, na saa huanza kuhesabu siku gazeti lilipotoka, si siku kamati ilipokubaliana kuchanga fedha za wakili.